Tabiri Kwanza

Mwalimu Nampunju alisema: msiguse waya
kabla hamjaandika kitakachotokea.
Kalamu itangulie betri.
Basi nikaandika, kwenye dirisha lisilo kioo,
Kidato cha Tatu B, Mchinga:

Ndani ya kopo kuna maji, kuna chumvi.
Sodiamu na haidrojeni watakwenda kathodi,
kloridi na haidroksidi watakwenda anodi.
Kathodini itatoka haidrojeni.
Anodini itatoka klorini.
Neno klorini nikalipigia mstari, mara mbili.
Mtoto wa mashamba ya chumvi atakoseaje chumvi?

Maabara hatuna. Tuna kopo la plastiki lililokatwa shingo,
vijiti vya kaboni tulivyochomoa kwenye betri kuukuu
(Ausi bado ana weusi chini ya kucha),
betri nne za redio ya mama yake, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na choya, imechemshwa, nyekundu, badala ya litimasi.
Na tuna beti la mwalimu, la kukariri:

*Wa chanya huenda hasi, wa hasi huenda chanya,*
*Wakigombea nafasi, ngazi itawagawanya,*
*Mwenye ukali halisi, majini atajifinya,*

Mstari wa nne sina.
Siku aliyoutoa nilikuwa na baba, tunakwangua
kabla mvua haijairudisha chumvi ilikotoka.

Ausi akaunganisha.
Kathodini povu likapanda, kama sufuria ya wali inayoanza kunong'ona,
na choya ya upande ule ikageuka kijani.
Nikasema, mmeona?

Anodini povu pia, lakini jembamba, la uvivu.
Nikainama, nikanusa.
Nikanusa tena, hadi pua ikagusa maji.
Hamna.
Choya imekaa na wekundu wake, haijapauka hata chembe.

"Hiyo oksijeni," akasema Mwalimu,
"hewa hiihii unayoivuta kwa hasira.
Umetia chumvi kiasi gani?"

Vidole vitatu.
Nyumbani chumvi inakaa kwenye magunia
na magunia yana jina la tajiri kwa rangi ya bluu.
Baba anahesabiwa kwa gunia.
Chumvi ya mboga mama anaikopa dukani kwa Bi Fadina,
anaitia kwa vidole vitatu,
halafu anavifuta vidole ukingoni mwa chungu.
Sikujua kuna namna nyingine ya kutia chumvi.

Mwalimu hakucheka.
Akachukua chaki, akanimalizia beti:

*Wingi ukizidi kasi, mnyonge naye hupenya.*

Kesho yake nilikuja na kibaba kizima
kwenye karatasi ya hesabu, nimeifunga mafundo.
Nimetoa gunia gani, msiniulize.
Tukakoroga mpaka maji yakakataa,
chumvi ikaketi chini ya kopo, imeshiba.

Waya.
Safari hii harufu ilifika kabla sijainama:
harufu ya tangi la zahanati siku ya kutiwa dawa.
Nankoma akakohoa, akakimbilia nje na daftari langu.
Na choya ya anodini ikapauka taratibu,
ikawa nyeupe kama miguu ya baba
ikikauka mlangoni saa kumi na moja.

Nikaandika upya:
chumvi chache, oksijeni; chumvi nyingi, klorini;
kathodini haidrojeni, mara zote mbili.
Nikainua mkono.
"Na sodiamu, Mwalimu? Ameitwa kathodi, amekwenda,
na hakutoka. Hana povu, hana harufu.
Nimwandike wapi?"

"Andika: anabaki majini."

Nikaandika, anabaki majini.
Dirishani, nyuma ya mikoko,
saa sita juu ya alama,
watu wa chumvi walikuwa wamesimama
maji yamewafika vifundoni,
na kutoka pale sikuweza kumjua baba ni yupi.